Gesi ya duka la hapa chini inaisha haraka na usiku tunasikia wakijaza mitungi, tufanye nini? (Umoja)

jirani_umoja

Habari zenu majirani. Nauliza hapa kwa sababu kwa grupu ya plot hakuna mtu anataka kuisema wazi. Sisi tuko Umoja, nyumba ya ghorofa, chini kuna maduka kama kawaida, kinyozi, saluni, mama mboga, na tangu mwaka jana kuna duka la gesi. Kijana anayeuza ni mtu mzuri sana, anakubebea mtungi hadi juu bila kuongeza pesa na mwisho wa mwezi ukiwa umekauka anakupea gesi unalipa mshahara ukiingia. Kwa hivyo nusu ya plot ni wateja wake, hata mimi.

Sasa shida ni mbili. Ya kwanza, mtungi wa kilo 6 siku hizi haunifikishi mwisho wa mwezi na kwa nyumba ni watu walewale, chakula ni kilekile, githeri bado nachemshia kwa makaa. Ya pili ndio inaninyima usingizi. Usiku watu wakishalala harufu ya gesi inapanda kwa ngazi na unasikia mitungi ikigongana, chuma kwa chuma, na ukichungulia kwa balkoni unaona mlango wa duka umefungwa lakini taa inawaka ndani. Nikimuuliza keateka anasema ni mzigo unapakuliwa. Mzigo gani unapakuliwa na mlango umefungwa?

Sitaki kumharibia mtu kazi, lakini nyumba imejaa watoto, na orofa ya kwanza kuna mama amejifungua juzi tu. Nitajuaje kama kweli mtungi haujajaa, na hii ya usiku inapelekwa wapi?

niliuza_gesi_kayole

Nimefanya kazi duka la gesi huku Kayole kabla niingie biashara ingine so wacha nikueleze venye mambo huenda.

Angalia ile kola ya chuma huko juu karibu na mahali unashika ukibeba. Kuna namba zimegongwa, tafuta iliyoandikwa TW ama Tare. Hio ni uzito wa mtungi ukiwa mtupu kabisa. Mitungi haina uzito mmoja, hata ya kampuni moja inapishana, kwa hivyo mtu asikudanganye ati yote iko sawa. Chukua hio namba yako uongeze 6 na hapo ndio mizani inafaa isome. Mfano kama TW ni 6.8 mtungi ukijaa unafaa usome 12.8. Ukisoma 11.6 jua umelipia kilo 6 ukapewa 4.8. Kama hio namba imepakwa rangi ikafunikwa ama imesuguliwa haisomeki, huo mtungi usiuchukue hata kama una haraka namna gani.

Mwambie apime mbele yako kabla ulipe. Duka la gesi linafaa kuwa na mizani na mteja ana haki ya kupimiwa, sio hisani. Na usimwambie apime ule uliochagua yeye, gusa wowote kwa rafu umwambie apime huo.

Sili ya mdomo wa mtungi peke yake usiitegemee. Nimeona sili mpya kabisa zikivalishwa mitungi haijawahi kuona kiwanda.

Sasa hio ya usiku. Chuma kwa chuma, harufu, mlango umefungwa, hapo kuna mtungi mkubwa umepinduliwa juu ya mdogo. Ndio maana gesi yako inaisha mapema, wanagawanya, mitungi kadhaa inapunguzwa kidogo kidogo hadi wanapata mmoja wa ziada wa kuuza. Na saa ingine inakuwa kinyume, mmoja unazidishwa, na huo ndio unaniogopesha zaidi. Gesi ndani ya mtungi iko kama maji na lazima ibaki nafasi huko juu, karibu sehemu moja kwa tano, kwa sababu ikipata joto inapanuka. Kiwandani wanajaza wakiangalia mizani. Huyu wa usiku anasikiliza tu na mkono.

mama_wa_donholm

Nakubaliana na ndugu wa Kayole kuhusu mizani, lakini kuhusu huyo kijana msiende mbio. Huku kwetu kulikuwa na kesi ya gesi kupungua, watu wakataka kumfukuza muuzaji, kumbe alikuwa analetewa hivyo hivyo na mtu wa pikapu anayesambaza. Yeye mwenyewe hakuwa anapima mzigo ukifika. Tulipomwambia anunue mizani alianza kurudisha mitungi kwa huyo msambazaji na mambo yakanyooka. Kwa hivyo muulizeni kwanza mchana kwa heshima, mzigo anatoa wapi na ako na karatasi gani.

Ya usiku sina la kumtetea. Hapo mnanusa gesi kwa ngazi na watu wanaishi juu yake.

mkazi_embakasi

Mama nakuheshimu lakini hii ya kuuliza kwa heshima isichukue wiki nzima.

Mimi naishi Embakasi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 lori la gesi lililipuka mtaa wa Mradi na kila mtu huku anakumbuka mahali alikuwa. Watu walikuwa wanaingia kulala. Moto ulishika nyumba, magari, godauni ya nguo, watu zaidi ya 200 waliumia na wengine walikufa, na wengi wao hawakuwa wananunua gesi hapo, walikuwa tu majirani. Halafu asubuhi EPRA, ile mamlaka ya serikali ya kusimamia kawi na mafuta, wakasema hapo mahali palikuwa pameombewa leseni ya kituo cha gesi mara tatu 2023, Machi, Juni na Julai, na mara zote wakakataa, na sababu moja ilikuwa watu wanaishi karibu sana. Hio ndio inaniuma hadi leo, maombi yalikataliwa kwa karatasi na kazi ikaendelea kwa plot, na majirani walikuwa wanaona malori yakiingia na kutoka. Walizoea. Nyinyi msizoee.

Na jirani_umoja, usiku harufu ikipanda tena usiwashe taa ya ngazi wala usiizime, swichi ya stima inatoa cheche. Usipige simu ukiwa umesimama hapo kwa harufu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inashuka na kulala chini, inajaa kwa ngazi na kwa mitaro, so fungua milango na madirisha, zima jiko kama kuna kitu umeweka, toa watu nje, halafu ukiwa mbali piga 999 ama 112. Mwambieni hasa huyo mama wa mtoto mchanga, yuko karibu na chini kuliko nyinyi wote na pengine mlango umefungwa juu ya baridi.

katibu_wa_wapangaji

Nimekuwa katibu wa chama cha wapangaji huku South B na barua za aina hii nimeandika nyingi, kwa hivyo nitasema ya ofisi.

Sheria kwanza. Kanuni za gesi za 2019 zinasema huwezi kujaza mtungi wenye chapa ya kampuni ingine bila idhini ya maandishi ya hio kampuni. Kujaza ni kazi ya kiwanda chenye leseni ya EPRA. Duka la rejareja ni la kuuza mtungi uliojazwa, basi, hata kama ako na leseni ya kuuza haimruhusu kumimina kwa mwingine. Na Katiba kifungu cha 46 inakupa haki kama mnunuzi, usalama wako ukiwemo, kwa hivyo usijisikie kama unaomba msaada.

Uzito uliopunguzwa unapelekwa kwa maofisa wa Vipimo na Mizani, ndio kazi yao hasa. Kujaza usiku ni EPRA na polisi, na upande wa kaunti ni idara ya zimamoto juu hio biashara inafaa kuwa na cheti chao. Polisi usirudi bila namba ya OB, ile ya kitabu chao cha kuandikia ripoti. Barua chapisha nakala mbili, moja wanabaki nayo, ingine inagongwa muhuri na tarehe unarudi nayo nyumbani. Watu wengi wanaruka hio ya muhuri halafu kukiharibika hakuna mtu anakubali aliwahi kuambiwa. Ofisi ikinyamaza kabisa, Tume ya Haki ya Utawala inapokea malalamiko na hailipishi.

Landilodi apewe nakala yake pia. Yeye ndiye alikodisha hio nafasi na jengo ni lake, likishika moto hasara ni yake, na mara nyingi anasonga haraka kuliko ofisi yoyote. Lakini msiandike kwa jina la mtu mmoja. Wekeni sahihi kumi, ishirini, ndio mwenye duka asijue ni nani wa kukasirikia, na ndio ofisi isidhani ni ugomvi wa majirani wawili.

jirani_umoja

Asanteni sana, kweli. Jana jioni nilishuka na mtungi wangu mpya, ule nilichukua juzi na sijaufungua, nikaomba mizani kwa mama mmoja anauza nafaka hapa kona. TW inasomeka vizuri kabisa. Umepungua zaidi ya kilo moja. Nilikuwa na jirani wa mlango wa pili na yeye akaenda kuchukua wake, pia umepungua.

Tulienda kwa huyo kijana pamoja, mchana, venye Mama alisema. Hakukataa. Alisema mizani iliharibika, mara akasema mzigo unakuja hivyo, halafu tulipouliza kuhusu usiku akanyamaza, akasema duka sio lake, kuna mtu mwingine nyuma yake na yeye ameajiriwa tu. Nilimhurumia, ni kijana mdogo, na ndiye anakuwa ndani na mlango umefungwa hizo saa zote. Kama kitu kitatokea ataanza yeye.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Kuna watu watatu hapa wamekataa kuweka sahihi juu wana deni lake na wanaogopa hatawapa tena.

niliuza_gesi_kayole

Hao usiwalaumu, hio deni ndio inashika plot nzima mdomo, nimeiona nikiwa upande ule mwingine wa kaunta. Hesabu nao tu. Kilo moja na zaidi ikipotea kwa kila mtungi, mwisho wa mwaka kila nyumba inayochukua kila mwezi imelipia mitungi miwili hivi ambayo haikupata. Hio deni inalipwa na riba na hakuna mtu aliiandika. Waambie hivyo na namba za mitungi yao wenyewe, usiwaambie mambo ya sheria.

mama_wa_donholm

Na wale wenye deni wapange wawili wawili ama watatu, mnaweka kitu kidogo kila wiki kama chama na kila mwezi mmoja ananunuliwa mtungi kwa duka lenye leseni imebandikwa ukutani. Sisi tunafanya hivyo hadi leo. Huyo kijana naye mwambieni kabla barua iende, atafute kutoka huko mapema.

jirani_umoja

Tumemwambia. Landilodi amepokea nakala na amesema anakuja Jumamosi saa nne asubuhi. Sahihi ziko kumi na saba, wawili kati ya wale watatu wameweka baada ya kupimiwa mitungi. Mama wa nafaka amekubali mizani yake iletwe kwa geti siku hio, kila nyumba ishuke na mtungi wake, mtupu ama umejaa, na kalamu ya kuandika TW. Kuchukua namba ya OB tunaenda kesho na jirani wa mlango wa pili, na barua ya EPRA anapeleka yeye juu anafanya kazi upande wa tauni. Muhuri hatutasahau.