Polaraiza, ND au GND: filta ipi ya lenzi ianze kwa picha za ziwa hapa Mwanza?

Kirumba_Lenzi
Wakuu, habari za jioni. Nimejichanga, nataka kununua filta ya kwanza kwa picha za mandhari: jiwe la Bismarck, Capri Point, machweo ya ziwani. Hela inatosha filta moja nzuri, siyo tatu. Lenzi ninazo mbili, moja ya kipenyo cha filta cha mm 67 na nyingine ya mm 77. Kuna duka wananisisitiza nianze na UV, filta ya kuzuia miale ya urujuanimno, eti ndiyo ya lazima. Naombeni ushauri.

Mwamba_Mkavu
UV achana nayo. Kamera za dijitali zina kizuizi cha UV mbele ya sensa tayari, kwa hiyo hiyo itakulindia kioo kisikwaruzwe na si zaidi. Tena ukipiga usiku, taa za mjini zinaakisi humo na kukuachia viduara vya mwanga kwenye picha.

Mimi nasema polaraiza, ile filta ya kuzungusha inayokata mng'ao, kwa sababu kazi yake huwezi kuifanya baadaye kwenye kompyuta. Mng'ao ukishafunika jiwe lililo chini ya maji, kwenye faili jiwe hilo halipo. Nenda ufukweni asubuhi kabla upepo haujaanza, elekeza kamera kwenye maji ya hatua chache mbele yako, uzungushe ringi polepole. Weupe unaondoka, mawe yanajitokeza na mwani wake, hadi mchanga ulio katikati unauona. Geukia magugu maji: yale majani yana utelezi unaorudisha mwanga mweupe, ukizungusha yanakuwa kijani kibichi. Gharama yake ni stopu moja na nusu hadi mbili za mwanga (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu).

Machweo_Ziwani
Kwa UV tuko pamoja. Kwa polaraiza napingana nawe mkuu, maana mwenye mada kataja machweo. Polaraiza inakoleza anga vizuri jua likiwa ubavuni mwako, nyuzi 90. Ukilitazama jua lenyewe linazama, anga halibadiliki, umepoteza mwanga bure.

Tatizo la machweo ni jingine: anga linaungua huku mawe ya mbele yakibaki meusi. Hapo ni GND ya stopu 3, filta yenye giza nusu ya juu na angavu nusu ya chini. Ziwa tupu lina upeo ulionyooka, unaweza kutumia yenye mkato mkali. Ila Bismarck inapanda juu ya upeo, mkato mkali utaitia giza kichwani. Chukua yenye mkato laini, giza lake linafifia taratibu.

Mwamba_Mkavu
Hilo la jua ni kweli. Lakini GND ina mbadala: weka kamera kwenye stendi, piga fremu tatu za mwanga tofauti, unganisha nyumbani. Polaraiza haina mbadala. Halafu jua letu msilisahau. Tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta. Ikikaribia saa saba mchana liko utosini, hasa katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Wakati huo sehemu ya anga inayokolea iko chini kwenye upeo, pande zote. Asubuhi na jioni kwa lenzi pana ya mm 16 (hapo ni urefu wa fokasi, siyo kipenyo) utapata anga lenye baka jeusi upande mmoja, hilo uwe nalo makini.

Machweo_Ziwani
Fremu tatu zinaunganika vizuri kwa mawe. Kwa mtumbwi unaoyumba unautoa mara mbili mbili, unabaki kufuta vipande. Mimi napenda mitumbwi, kwa hiyo GND haitoki begini.

Binti_Ukerewe
Mbona ND mmeiruka, ile filta ya giza inayopunguza mwanga sawasawa kwenye picha nzima? Jioni upepo wa ziwani ukichafua maji, ndiyo inayoyalainisha. Ila mdogo wangu, usikimbilie ND1000, inayopunguza mwanga mara elfu. Jua la huku linazama haraka. Kama bila filta shata inafunguka kwa sekunde 1/15, ND64 inakupa sekunde 4 hivi, mawimbi yanabaki na umbo. ND1000 inakupa dakika nzima na ushee, na kabla hujapiga ya pili mwanga umeshabadilika. ND za kuzungusha nazo, zile unazoongeza giza kwa kuzungusha, kwenye lenzi pana ukizifikisha mwisho zinaleta msalaba mweusi angani.

Kwa filta moja tu, namuunga mkono Mwamba. Polaraiza inakupunguzia mwanga kidogo pia, kwa hiyo giza likianza kuingia maji yatalainika kiasi hata bila ND.

Kirumba_Lenzi
Nashukuru sana wakuu, na dada yangu wa Ukerewe. Asubuhi ndiyo muda wangu mwingi, naelekea polaraiza. Ninunue ya mm 67 au 77?

Mwamba_Mkavu
77, pamoja na ringi ya kuunganishia ya 67 kwenda 77. Ringi ni bei ndogo, na filta moja inahudumia lenzi zote mbili. Ukinunua 67, kwenye lenzi kubwa itakata kona za picha.

Binti_Ukerewe
Na ununue kipulizio cha vumbi siku hiyohiyo. Mwezi mwandamo wale wadudu wa ziwani wanatoka kama moshi, wanaganda kwenye kioo. Usiwapanguse kwa shati, wanasagika na kuacha mafuta. Wapulize kwanza, kisha kitambaa cha lenzi chenye unyevu kidogo, ukitoka katikati kwenda pembeni.