Naomba ushauri: mawakili wa Texas wanaikataa kesi ya mama

Habarini ndugu zangu, hasa mlioko Houston na Dallas.

Mama yangu ana miaka 68, tunaishi naye. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa nyongo, wakakata mrija usiohusika. Amerudishwa kwenye kisu mara mbili, na mpaka leo hakai nusu saa bila maumivu.

Mawakili watatu wamenisikiliza kwa upole kisha wakakataa. Mmoja ndiye aliyenifungua macho. Tangu sheria ya 2003, kwenye uzembe wa kitabibu hapa Texas, fidia ya maumivu na mateso haivuki dola 250,000 kwa madaktari wote pamoja, hata wangekuwa watano. Hospitali nayo ina kikomo chake. Gharama za matibabu na mshahara uliopotea havina kikomo, lakini mama mshahara hana. Anapika na kulea wajukuu, ndiyo maana mimi na mke wangu tunaweza kwenda kazini!

Halafu kuna ripoti ya daktari mtaalamu, inayoeleza uzembe ulivyomdhuru mgonjwa: isipowasilishwa ndani ya siku 120 baada ya mdaiwa kujibu, kesi inafutwa na gharama za mawakili wa mdaiwa unazibeba wewe. Wakili anayelipwa kwa asilimia ya fidia akipiga hesabu, anaona hasara.

Muda wa kufungua kesi ni miaka 2, nami nimeshapoteza miezi tisa. Je, kuna aliyefanikiwa kudai thamani ya kazi za nyumbani? Na nikiigharamia ripoti mwenyewe kwanza, wakili atalegea?