Machi 17: Irish stew, bekoni na kabichi, au nyama ya ng'ombe ya chumvi? Tulinganishe

Nyangi_Jikoni
Wakuu, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick inakaribia. Nataka kuandaa chakula cha Kiayalandi cha kweli, siyo keki iliyotiwa rangi ya kijani. Watu ni 8, jiko la gesi lina vichwa viwili, oveni ni ndogo. Wageni wawili ni Waislamu. Kila nikitafuta nakutana na majina matatu: Irish stew ya kondoo, bekoni na kabichi, corned beef (nyama ya ng'ombe ya chumvi) na kabichi. Ipi inafaa zaidi, na kila moja huharibikia wapi? Mkate wa soda nao ningependa uwepo.

Fundi_Sufuria
Kwa meza hiyo, kondoo. Unatumia sufuria moja, kila mgeni anakula, na vitu vyote vinapatikana sokoni.

Watu 8: kondoo mwenye mifupa kilo 2 (shingo na bega), viazi kilo 2, vitunguu maji 5 vikubwa, maji lita 1.2, thaimu vijiti vitatu, chumvi na pilipili manga. Basi. Usikubali kuuziwa paja tupu. Shingo ndiyo yenye ute unaoupa mchuzi uzito. Paja litakupa maji na nyuzi.

Viazi vigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza liwe la viazi vya unga, kama Shangi kwa walioko Kenya. Vikate vipande vyembamba vya nusu sentimita, uvitandaze chini ya sufuria. Hivyo vitavurugika vyote, na ndivyo vinavyofanya mchuzi uwe mzito. Unga wa ngano hautiwi. Juu yake panga vitunguu, nyama, kisha vitunguu tena. Mimina maji ya baridi yakaribie kuifunika nyama, yasiizamishe. Ikianza kuchemka engua povu, kisha punguza moto hadi uone viputo viwili vitatu tu vikipanda polepole. Mwanakondoo saa moja na nusu, kondoo mkubwa saa mbili na nusu. Fungu la pili, viazi vigumu visivyopasuka, menya uviweke vizima juu katika dakika 40 za mwisho. Funika, viive kwa mvuke.

Kinachoharibu ni moto mkali. Mafuta yanavurugwa ndani ya mchuzi badala ya kuelea, mchuzi unakuwa wa kijivu na wa mafuta mdomoni, na nyama inakakamaa. Kosa la pili ni kutia viazi vyote mwanzoni. Hapo utapakua uji. Mlioko Nairobi, maji yenu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ongezeni nusu saa.

Hujui viazi vyako ni vya aina gani? Changanya kikombe 1 cha chumvi na vikombe 11 vya maji. Cha unga kinazama, kigumu kinaelea.

Binti_Mvita
Kaka Fundi, bila nyanya? Bila thomu na tangawizi? Wageni watauliza kama mpishi alisinzia.

Fundi_Sufuria
Dada, ukitia hivyo utapata mchuzi mtamu, lakini siyo huu. Hapa hata vitunguu havikaangwi. Ladha inatoka kwenye mafuta ya kondoo na vitunguu vilivyoiva taratibu, ndiyo maana chumvi ikipungua chakula kinapooza kabisa. Onja mwishoni, onja tena baada ya dakika tano. Pilipili ya kusaga iwe pembeni, kila mtu ajitilie.

Karoti Waayalandi wenyewe wanabishania. Wapo wanaoshikilia nyama, viazi, vitunguu na maji tu, wapo wanaotia karoti na shayiri. Karoti 4 hazimdhuru mtu. Ukikosa kondoo, mbuzi anafaa, ila hana mafuta mengi: omba mchinjaji akuwekee kipande cha mafuta, na uhesabu saa tatu.

Jirani_wa_Liffey
Niko Dublin. Fundi, mapishi yako sina neno nayo, ila hapa chakula kinachohusishwa zaidi na siku hii ni bekoni na kabichi. Siyo ile bekoni ya vipande vyembamba ya asubuhi! Ni kipande kizima cha mgongo au bega la nguruwe kilichotiwa chumvi. Kilo 2 zinatosha watu 8.

Weka kwenye maji ya baridi, chemsha. Povu jeupe likiwa jingi, chumvi ni nyingi: mwaga maji, anza upya. Kwa kipande kikali sana rudia mara mbili, au kiloweke usiku kucha. Kisha chemsha kwa moto mdogo dakika 45 kwa kila kilo na nusu saa juu yake. Kabichi inaingia kwenye maji hayohayo dakika 7 za mwisho, ukishaitoa nyama ipumzike. Watu wanaiacha kabichi humo saa nzima, halafu wanashangaa nyumba inanuka.

Sosi yake ni nyeupe yenye majani ya pasli: siagi gramu 50, unga gramu 50, maziwa mililita 600, konzi ya pasli iliyokatwa. Usitie chumvi kabla hujaonja pamoja na nyama.

Kwa Nyangi lakini, hapana. Kama utaipika hata hivyo, sufuria, kisu na ubao vya wale wageni wawili viwe mbali kabisa.

Mwana_wa_Minnesota
Acheni niitetee nyama ya ng'ombe ya chumvi. Ndiyo, ni ya Waayalandi wa Marekani zaidi kuliko wa kwao. Bandari ya Cork, Ayalandi, ilisafirisha nyama hiyo kwa wingi katika karne za 17 na 18, lakini mkulima wa kawaida hakuimudu. Waliohamia New York walikuta kidari cha ng'ombe kwa bei nafuu, mara nyingi kwa wachinjaji wa Kiyahudi, wakakifanya chakula chao cha sikukuu. Ni desturi ya zaidi ya miaka mia, siyo utani wa hoteli. Hata mfungo unaipisha: Machi 17 iko ndani ya Kwaresima, na ilipoangukia Ijumaa, siku ambayo Wakatoliki hawali nyama, mwaka 2017 na 2023, maaskofu wengi huku walitoa ruhusa ya kula nyama.

Nyama ya kopo isiwapotoshe. Ile imeshasagwa na kushindiliwa, ukiichemsha inasambaratika. Kinachotakiwa ni kidari kizima, kilo 3, kwa sababu kinapungua karibu theluthi kikiiva. Chumvi gramu 300 na sukari gramu 100 kwa maji lita 3, chemsha, poza kabisa, zamisha nyama, weka friji siku 5 ukiigeuza kila siku. Mchinjaji akichinja kwa sheria, wageni wako wanakula bila wasiwasi.

Bila nitraiti (chumvi maalumu ya kuhifadhi nyama na kuipa wekundu) nyama itatoka ya kijivu, siyo nyekundu. Haina kasoro, wapo wanaoipenda hivyo. Nitraiti usiikisie kwa kijiko. Kama huna mizani ya gramu, achana nayo.

Siku yenyewe ioshe, ichemshe taratibu saa tatu hadi nne. Inapaswa kukubali uma bila ubishi. Ikate kwa kukatiza nyuzi. Ukifuata nyuzi mtatafuna hadi Pasaka.

Fundi_Sufuria
Nzuri, ila friji ya siku tano umeme ukikatika mara mbili ni bahati nasibu. Hapo kondoo anashinda tena.

kijana_wa_mtaa
Na Guinness, ile bia nyeusi ya Kiayalandi, ndani ya mchuzi je?

Jirani_wa_Liffey
Hiyo ni ya nyama ya ng'ombe. Kwa kondoo inameza kila kitu. Na chupa inayouzwa Afrika Mashariki, Foreign Extra, ni kali na chungu kuliko ile ya bomba hapa Dublin, na kadiri mchuzi unavyokauka ndivyo uchungu unavyozidi. Kwa nyama kilo 1.5 tumia mililita 250 tu, maji mengine yote yawe supu ya mifupa, na kijiko kikubwa cha sukari ya kahawia. Kwa meza yenye Waislamu iache: kilevi hakiishi chote hata kikichemka saa mbili.

Mama_Makaa
Mkate mmeusahau, na ndio rahisi kuharibu.

Unga wa ngano wa kawaida gramu 450, beking soda kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa, chumvi kijiko 1 cha chai, mtindi mililita 350 hadi 400. Usitumie unga mgumu wa mikate ya hamira. Mtindi usiwe na sukari wala vanila. Ukiwa mzito kama wa kukata kwa kijiko, upunguze kwa maziwa. Huna mtindi? Maziwa mililita 375 na ndimu vijiko vikubwa viwili unusu, subiri dakika 10.

Chekecha vikavu pamoja. Madonge ya soda ndiyo yanayoacha madoa ya njano na ladha ya sabuni. Mimina mtindi karibu wote, koroga kwa vidole vilivyotanuliwa hadi unga ushikane, ufinyange uwe duara la sentimita 4 kwenda juu. USIKANDE. Huu si unga wa chapati. Ukikanda dakika tano utapata jiwe. Chora msalaba kwa kisu, ushuke sana, ili katikati paive. Uingie motoni palepale, maana soda imeshaanza kazi ilipogusana na mtindi, na gesi haikusubiri. Nyuzi 230 dakika 15, kisha 200 dakika 25 au 30. Ugonge chini: ukitoa sauti ya uwazi umeiva.

Magadi ya kupikia maharage hayafai badala ya soda. Ni makali zaidi, mkate unakuwa wa njano na mchungu.

Na asiye na oveni asijihurumie. Waayalandi wa zamani waliuoka ndani ya chungu cha chuma chenye mfuniko, bastible, makaa chini na makaa juu, vilevile tunavyooka keki Pwani. Sufuria nzito ipashwe kwanza, makaa mengi juu, machache chini, dakika 45.

Nyangi_Jikoni
Asanteni sana. Nimeamua: kondoo na mkate. Je, niongeze colcannon (viazi vya kuponda vyenye mboga za majani) kwa sukuma wiki?

Binti_Mvita
Viazi juu ya viazi, dada? Kwa huo mchuzi ni kujirudia. Colcannon ipeleke na bekoni au kidari. Ukiipika siku nyingine, viazi kilo 1.5 vichemshwe na maganda, sukuma gramu 400 iliyokatwa nyembamba na kukamuliwa vizuri, maziwa MOTO mililita 200, siagi gramu 100. Ponda kwa mkono. Blenda inageuza viazi kuwa gundi.

Fundi_Sufuria
Nyangi, hatua ya mwisho. Nyama na viazi vya chini vipike tarehe 16, vipoe, viingie friji. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu, yaondoe, bakiza vijiko viwili. Pasha taratibu, tia viazi vizima, na wakati huohuo mkate uingie oveni. Vyote vitaiva kwa pamoja. Mkate ukitoka ufunge kwa kitambaa kisafi ili ganda lilainike, na ukate baada ya nusu saa; ukiwahi, ndani utashikana na kisu.