Hopsi nilizolima mwenyewe: nitajuaje uchungu wake kabla ya kuzitia kwenye bia?

Mpika_Kimea: Habari zenu wakuu. Mmea wangu wa hopsi (maua yake ndiyo huipa bia uchungu na harufu), aina ya Cascade, uko katika msimu wake wa pili na maua yake yanaelekea kukomaa. Nataka kuyatumia katika bia ya lita 20, lakini resipe niliyo nayo inataja gramu za hopsi kavu zenye asidi za alfa (ndizo huleta uchungu) asilimia 6, ilhali za kwangu hazina lebo yoyote. Nizipime vipi ili bia isinishinde kwa uchungu? Je, nichume sasa au nisubiri?

Shina_Refu: Rangi peke yake hudanganya, kwa hiyo bonyeza ua moja kwa vidole. Likiwa changa hubaki limebonyea na huwa na unyevunyevu. Likikomaa hurudi lilivyokuwa na kuchakarika kama karatasi. Kisha lipasue katikati kwa ukucha utazame unga ulio chini ya magamba: ukiwa umepauka, subiri; ukikolea njano na kunata, chuma; ukielekea kahawia na kunuka kama jibini, umechelewa.

Pipa_la_Pili: Mimi huchemsha maua machache kama chai na kuonja, kisha nakadiria.

Mzee_wa_Sufuria: Ndugu Pipa, ulimi hauwezi kutofautisha asidi za alfa za asilimia 4.5 na 7, na Cascade huweza kuwa popote kati ya hapo kulingana na msimu, udongo na siku ya kuvuna. Ndugu Mpika, uchungu hutokana na asidi hizo zinapobadilika umbo katika mchemko mrefu, kwa kawaida wa dakika 60, kwa hiyo kwa kazi hiyo nunua hopsi zenye lebo. Za kwako zitie dakika tano za mwisho, au zikiwa kavu uziloweke bia inapokaribia kumaliza kuchacha, kwa sababu mafuta yanayoleta harufu nzuri hupotea na mvuke yakichemka sana. Hapo hata ukikosea kipimo, madhara yake ni madogo.

Mpika_Kimea: Nimekuelewa, mkuu. Je, naweza kuzitia zikiwa mbichi?

Shina_Refu: Unaweza, ila takriban asilimia 80 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo weka mara nne hadi sita ya gramu za hopsi kavu, na uzitumie siku hiyo hiyo ya kuchuma kwa kuwa huharibika upesi. Zinazobaki zitandaze kwenye wavu penye feni, joto lisizidi nyuzi 60, hadi kijiti cha katikati ya ua kivunjike badala ya kupinda. Kisha zifunge bila hewa na uzigandishe kwenye friza.

Mzee_wa_Sufuria: Nyongeza moja ambayo wengi huisahau: hopsi ni sumu kali kwa mbwa, hata zile zilizokwisha kuchemshwa. Kama unafuga, usiyatupe masalia mahali anapoweza kuyafikia.