Oili ya haidroliki kwa trekta ndogo ya mtumba: 68, gia oili 90 au UTTO?

Mkulima Mwakirunge
Assalamu alaykum wenzangu. Nimechukua Kubota ndogo ya mtumba kutoka Japani, farasi ishirini na kitu, gia za mkono, inavuta magurudumu yote manne. Injini haina neno. Shida iko nyuma: nikiinua rotaveta (jembe la kuzunguka la nyuma), mikono inapanda kwa kusitasita na pampu inalia. Nimechomoa dipstiki, oili imegusa ncha tu. Kitabu sikupewa, na stika zote ni Kijapani kitupu.

Nimezunguka maduka ya oili mjini, kila mtu na lake. Wa kwanza kasema haidroliki 68, ni rahisi na iko kila mahali. Wa pili kanitolea gia oili 90, ati trekta yote ni gia. Wa tatu kanionyesha ndoo ya UTTO 10W-30, oili ya trekta ya gia na haidroliki kwa pamoja, na bei imenishtua. Shamba langu lina mteremko mkali, kwa hivyo breki nazijali kuliko kitu chochote. Nyinyi mnaozijua hizi trekta, ipi niweke?

Fundi Jomvu
Waalaykum salaam. Kabla ya bei, ijue kwanza kazi ya hiyo oili. Kubota nyingi za ukubwa huo hazina tangi la haidroliki la peke yake. Oili iliyo chini ya kiti ndiyo inayolainisha gia na difu, ndiyo inayosukumwa na pampu kuinua mikono, na kama breki zako ni za sahani zinazozama kwenye oili, ndiyo inayozipoza.

Sasa hiyo 68. Namba hiyo ni kipimo cha uzito wa oili ikiwa kwenye joto la nyuzi 40, basi. UTTO 10W-30 nyingi ziko karibu na hapo hapo, 55 hadi 65. Ukizisugua vidoleni huoni tofauti, na ndiyo maana utaambiwa dukani "ni ile ile". Tofauti iko kwenye dawa zilizotiwa ndani. 68 ina dawa ya kuilinda pampu isilike. Haina dawa ya kutosha kwa meno ya gia yanayokandamizana, wala ile inayofanya sahani za breki zishike vizuri bila kutetemeka na kupiga kelele. UTTO imetengenezwa kwa kazi zote hizo kwa pamoja.

Gia oili 90 nzito mno. Pampu inavuta kupitia chujio cha waya, na oili nzito ikichelewa kufika pampu inavuta utupu na kujila yenyewe. Zile za GL-5, daraja la gia oili za kazi nzito, zina dawa ya salfa inayoweza kula bushi za shaba oili ikipata moto. Ipo trekta ya zamani ambayo kitabu chake kinaitaja gia oili, hiyo fuata kitabu. Lakini huna kitabu, una mteremko, na pampu tayari inalalamika. Mie naiondoa 90 kabisa.

Ami wa Shimba Hills
Fundi, nakuheshimu, lakini mie nina Massey Ferguson 135 huku. Gia boksi yake imekula oili ya injini miaka yote na bado inalima. Hizi UTTO ni biashara ya watu. Kijana atie 68, abakishe pesa za dizeli.

Fundi Jomvu
Ami, 135 ni mashine ya zama zake. Breki zake ni za ngoma, kavu, haziguswi na oili ya gia boksi. Hapo hakuna sahani ya breki ya kudhurika. Na hesabu ya pesa pia nina neno nayo. Oili hii haimwagwi kila mwezi, matoleo mengi yanaenda saa 300 au 400 za kazi. Gawanya tofauti ya bei ya ndoo kwa saa hizo, kisha uulize bei ya kuifungua trekta katikati ili ubadilishe sahani za breki.

Opereta wa Foku
Niongeze la bandarini. Sisi 68 ndiyo yetu, na kwa joto la Mombasa inafanya kazi vizuri sana. Lakini kwenye foku tangi la haidroliki limejitenga, na gia zina oili yake nyingine. 68 pale haina kazi ila kusukuma mitungi. Kwa hivyo mkulima aangalie: kama trekta yake imefungwa loda yenye pampu na tangi lake mbali, humo 68 ndiyo haki yake. Chini ya kiti, hapana, hata kama angepewa bure.

Na stika za Kijapani zisikutishe. Piga picha kwa simu, programu ya kutafsiri itakusomea. Mara nyingi aina ya oili na idadi ya lita zimeandikwa palepale karibu na mdomo wa kujazia.

Mama Nazi Mtwapa
Mie nina Iseki, na swali langu kwa Mkulima ni moja: hiyo oili iliyogusa ncha, rangi yake ikoje? Kama ni nyeupe kama chai ya maziwa, basi mjadala wa 68 na UTTO usubiri, una maji humo. Yangu ilikaa nje masika yote. Ule mpira wa chini ya mti wa gia ulikuwa umepasuka, ufa mwembamba usioonekana mpaka uuvute kwa vidole, na kila mvua ilikuwa inachuruzika ndani kidogo kidogo. Hakuna oili ghali ya kuponya hiyo. Mpira mpya kwanza.

Ukiwa na shaka, pasha kipande cha bati moto, simama mbali kidogo, dondosha tone moja. Likichacharika kama kitunguu kwenye mafuta, kuna maji. Likitoa moshi kimya kimya, salama.

Ukinunua UTTO, geuza ndoo usome nyuma. Tafuta namba za watengeneza trekta: J20C ya John Deere, M1145 ya Massey Ferguson, M2C134-D ya Ford, na Kubota UDT. Ndoo iliyoandikwa "oili ya trekta" bila hata namba moja, iache. Mie niliwahi kuuziwa ndoo, simtaji muuzaji, ambayo lakiri yake ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kifuniko kabla hujalipa.

Na usihadaike na Wamarekani wa mtandaoni wanaosifu ndoo zenye namba 303. Hicho ni kipimo cha John Deere kilichoachwa miaka ya 1970. Leo hakuna anayeweza kuipima oili kwa kipimo kilichokufa.

Mkulima Mwakirunge
Shukran sana. Mama Nazi, rangi yake ni nyeusi nyeusi, si ya maziwa. Ile ya Kubota yenyewe, Super UDT2, ina haja? Na je, niongeze tu juu ya iliyopo au nimwage yote?

Fundi Jomvu
Super UDT2 ni nzuri, ukiipata karibu na mfuko ukiruhusu, tia. Usipoipata, UTTO iliyotaja UDT nyuma ya ndoo inakutosha.

Ungekuwa unajua iliyomo ni UTTO, ningesema ongeza tu. Huijui, na ni nyeusi. Mwaga yote. Iendeshe kwanza ipate joto ndipo ufungue, na utafute bolti zote za kumwagia: nyingi zina moja katikati na nyingine chini ya kila upande wa ekseli ya nyuma. Ukifungua moja tu, lita kadhaa chafu zinabaki. Toa chujio la waya ulioshe kwa dizeli. Weka filta mpya ya haidroliki, si ya injini, hata kama nyuzi zinalingana.

Kujaza ndiko wengi hukimbilia. Trekta isimame sawasawa, mikono ishushwe chini kabisa, injini izimwe. Mimina polepole maana oili inachukua muda kupenya hadi chini, na ukiharakisha utadhani imejaa. Ikifika alama ya dipstiki, washa injini kwa mwendo wa chini, pandisha na kushusha mikono mara kadhaa mpaka hewa itoke, zima, subiri dakika chache, pima tena. Kiwango kitakuwa kimeshuka, ongeza. Usipitishe alama ya juu, oili itatoa povu na kelele ya pampu itarudi.

Halafu jiulize ile iliyopungua imekwenda wapi, maana haidroliki haichomwi kama oili ya injini. Pangusa kila mahali, fanya kazi nusu saa, angalia oili sili za ekseli na ya shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha rotaveta. Kwenye mipira ya haidroliki usitafute uvujaji kwa mkono. Pitisha kipande cha boksi. Mchirizi mwembamba wa presha unapenya ngozi, na tundu dogo kama la sindano linaweza kumpotezea mtu kidole. Ikitokea, ni hospitali papo hapo, hata kama hapaumi.

Ami wa Shimba Hills
Kwa breki na mteremko wake, nimekubali. 135 yangu itabaki na yake.

Mkulima Mwakirunge
Basi ni UTTO, na namwaga yote. Stika nimeisoma kwa simu, inataka lita 22, kwa hivyo nachukua ndoo ya 20 na dumu la 5.

Mama Nazi Mtwapa
Dumu likibaki usilitie kwenye ekseli ya mbele kabla ya kusoma stika yake, ile ina oili yake mbali na kijitundu chake cha kupimia. Na bolti za kumwagia, futa sumaku zake, uangalie kilichonata. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Ukikuta vipande vinavyochoma kidole, usijaze bado, piga picha uilete hapa.

Fundi Jomvu
Kweli kabisa. Na baada ya saa 50 badilisha filta tena, maana oili mpya itabeba uchafu wa zamani uliokuwa umeganda pembeni.