Chakla ya zamani ya Kutch yenye vioo: naiwekaje kwenye fremu?

Pindo_Nne: Wakuu, salaam. Ni chakla, yaani kitambaa cha mraba kilichotariziwa cha kutundika ukutani, kutoka Kutch, Gujarat, India. Mraba wa sm 70, nyuzi za hariri juu ya pamba, vioo vidogo kama 60 vilivyoshonewa juu yake. Vitatu vimelegea. Fundi fremu anataka kuibandika kwa gundi kwenye hadibodi, kisha aigandamize kwa kioo. Nyumba iko Mombasa, karibu na bahari. Mnashauri nini?

Bafta: Gundi usikubali kabisa. Hupenya kwenye pamba, hugeuka manjano na kukakamaa. Ukija kuibandua, nyuzi zinabaki ubaoni. Hadibodi nayo ina asidi inayokichoma kitambaa polepole.

Chakla hushonewa. Tafuta kadi ngumu isiyo na asidi, uivalishe bafta au amerikani iliyofuliwa kwa maji moto hadi wanga wa kiwandani uishe. Ilaze chakla juu yake, uishikize kwa sindano iliyopinda na uzi mwembamba wa pamba, ukianzia katikati kwenda pembeni, mshono mdogo kila sm 3 au 4. Sindano ipite baina ya nyuzi za kitambaa, isizitoboe. Wengi hushona pindo la juu tu, na hapo ndipo inapoharibika: vioo ni vizito, vinavuta chini, na kitambaa kinachanika palepale kwenye mshono.

Kioo cha fremu kisiiguse. Weka vijiti pembezoni, pengo lisipungue sm 1. Kikigusa, unyevu unanaswa, ukungu unaota, na nyuzi zinazoshika vioo zinasagika.

Kashida: Kuhusu vilivyolegea: kila kioo hushikwa na nyuzi zilizokatizana juu yake, kisha mshono wa duara unazivutia ukingoni. Vioo vya zamani vilikatwa kwa mkono, kingo zake zina makali, ndizo zinazokata nyuzi. Usikaze uzi wa zamani, utakatika. Funika kioo kwa kipande cha wavu mwembamba wa hariri wa rangi inayofanana, ukishone nje ya duara.

Tafadhali usiweke vioo vipya. Vya zamani vimebonyea kidogo na vina giza fulani. Vipya ni bapa na vinang'aa kupita kiasi.

Usiifue pia, nyekundu huchuja. Wala usipulize dawa ya kusafishia vioo, maji yakiingia nyuma yanabambua rangi ya fedha. Pamba kavu ya kijitini yatosha.

Pindo_Nne: Asanteni sana. Na ukungu wa pwani?

Bafta: Itundike ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua kwa nje. Gundisha vipande vya kizibo nyuma ya pembe nne za fremu ili hewa ipite. Jua lisiifikie. Taa iwe hafifu, makumbusho hushikilia lux 50 (lux ni kipimo cha mwangaza) kwa vitambaa. Nyuzi nyeusi zikague kwanza: rangi nyeusi ya kale mara nyingi ilipikwa kwa chuma, nazo huoza kabla ya nyingine. Na kabla fundi hajafunga, piga picha ya upande wa nyuma, maana hutauona tena.