Naomba ushauri: kuondoa mfumo wa injini kujizima kwenye foleni

Ndugu zangu, salamu kwenu. Gari langu lina mfumo unaozima injini kila ninaposimama na kuiwasha tena ninapoachia breki. Najua umewekwa ili kupunguza mafuta na moshi, lakini kwenye foleni inayosogea kidogo kidogo unanichosha kweli, kwani gari hutikisika kila injini inapowaka na kiyoyozi huacha kupoza, maana kompresa yake inazungushwa na mkanda wa injini. Kitufe cha kuuzima kipo na nakitumia, ila nikiwasha gari upya mfumo hurudi wenyewe.

Sasa betri ya gari ya AGM (aina imara inayohimili injini kuwashwa mara kwa mara) imechoka, nayo ni ghali kuliko ya kawaida. Je, kuna njia salama ya kuuzima mfumo huu moja kwa moja? Na nikishauzima, naweza kufunga betri ya kawaida, au chaji ya alteneta itaiua mapema?